Ngozi Niliyoifua

Ti. Ti. Ti. Hivyo ndivyo petroli inavyolia ikidondoka kwenye debe tupu, na mpaka leo tone la mvua likigonga sufuria naacha kazi iliyo mkononi nikasikiliza. Debe likiwa tupu sauti ni kali, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha. Likianza kujaa sauti inakuwa nzito, halafu inamezwa. Nilikuwa naweza kukaa nje ya banda, mgongo nimeugeuza, nikasema, "Robo tatu," na baba mdogo akichungulia anakuta robo tatu.

Banda hilo lilikuwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Tororo, wakati wa serikali ya Waingereza. Kiwanja chenyewe kilikuwa nyasi tu, na ng'ombe wa watu walifukuzwa kwanza ndipo ndege ishuke. Ndege ilikuwa moja, ndogo, ya viti viwili. Kazi yake ilikuwa kuzunguka juu ya vichaka vya Busia mpaka ziwani, rubani atazame wapi pa kufyekwa kwa sababu ya mbung'o. Rubani alikuwa Mzungu mrefu aliyetembea ameinama, kama mtu aliyewahi kugonga kichwa kwenye kila mlango wa Uganda. Fundi wake alikuwa Mhindi mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, alikuwa msaidizi wa fundi. Mimi nilikuwa nafua matambara, nafagia banda na kuchota maji. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la nne, umri wangu kumi na sita, na kukaa kitako sikuweza. Nyumbani kwetu Mella nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba siku moja nitaliona Jiwe la Tororo, lile jabali refu kama mlima, kutoka juu. "Si ulipande kwa miguu," walinijibu, "njia ipo."

Mafuta ya ndege yalikuja na gari moshi, kwenye mapipa, kutoka pwani. Kwa hiyo fundi akitaka kufungua tangi alikuwa hamwagi kitu. Petroli yote ilitolewa kwanza kwenye madebe yaliyooshwa, ikafunikwa kitambaa, ikaachwa itulie. Kazi ikiisha ilichujwa na kurudishwa humo humo ilimotoka. Ile ya chini kabisa ya debe, yenye mashaka, iliwekwa kando kwa ajili ya kuoshea vyuma. "Haya mafuta nasafiri kuliko wewe," fundi alikuwa anamwambia baba mdogo. "Wewe nafika Mombasa? Bado. Haya nafika."

Kuchuja kwenyewe kulikuwa kwa ngozi. Ilikuwa ngozi laini, nyembamba, ya rangi ya ndizi mbivu, iliyotandazwa ndani ya faneli kubwa. Petroli ilipita. Maji, kama yalikuwamo, hayakupita, yalibaki juu yake yakijiviringisha kama shanga. Mimi kazi ikiisha nilikuwa naichukua ile ngozi ikiwa bado mbichi kwa petroli, nadondosha juu yake matone mawili matatu ya maji ya kunywa, nayakimbiza huku na huku. Nilikuwa sichoki kuyatazama. Fundi aliniona siku moja, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake. Laiti angenieleza ngozi ile inataka nini.

Na palikuwa na sheria ya fundi, ya kwake mwenyewe. Tangi likishafunguliwa na kufungwa tena, ndege ikipanda mara ya kwanza, aliyechuja mafuta ndiye anayekaa kiti cha pili. "Chuja kama wewe ndiyo itapanda," alisema, "kwa sababu wewe ndiyo itapanda." Miaka yote alichuja mwenyewe na kupanda mwenyewe. Lakini mwaka huo koki ya tangi ilianza kuvuja, na walipolifungua tangi alimpa baba mdogo ile faneli mkononi. Maana yake sote tuliijua.

Siku mbili za kutengeneza koki nyumba yetu haikutulia. Baba mdogo alimwambia mkewe apige pasi shati la kanisani. Alisema ataliona paa letu la Mella kutoka juu. Mama mdogo akamuuliza atalijuaje katikati ya mapaa yote ya nyasi. "Nitajua," akasema. "Ndilo pekee linalovuja." Alikuwa ananiita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na jioni ya kuamkia siku yenyewe aliniambia, "Mama, mimi nikirudi nitakueleza kila kitu, hata rangi." Usiku huo mvua ilinyesha. Sikulala, kichwani nilipanda ndege mara kumi.

Sasa nieleze kosa langu. Siku ya kabla ya kupanda, baada ya kumaliza matambara, niliiona ile ngozi imening'inia kwenye msumari. Ilikuwa imekakamaa, ina mashapo pembeni, inanuka. Nikafikiri, siku kubwa ya baba mdogo, na kitu atakachoshika ni hiki? Nikaitia kwenye beseni la maji ya moto, nikaisugua kwa sabuni ya mche mpaka povu likawa jeupe. Nikaisuuza na kuianika kivulini. Ilipokauka ilikuwa laini kama sikio la mbuzi mchanga. Nikairudisha msumarini, moyo wangu umejaa. Sikumwambia mtu. Nilitaka aishike mwenyewe ashangae.

Asubuhi aliishika, akashangaa. "Leo hata ngozi imependeza," akasema, wala hakuuliza. Akachuja debe la kwanza kuingia tangini, akachuja la pili. Nilisimama karibu nikingoja zile shanga, hazikutokea hata moja. "Fundi," aliita, "leo mafuta ni safi, hakuna maji hata kidogo." Fundi alikinga glasi chini ya tangi, akafungua koki kidogo, akaiinua juani. Ilikuwa nyekundu na angavu, kwa kuwa petroli ile ilitiwa rangi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Rubani alikuwa anamaliza chai yake amesimama.

Mimi niliachiwa kukusanya vyombo. Kile kitambaa kilichofunika debe la pili nilikiokota, nacho kilikuwa kimelowa. Hakikunuka petroli, na maji sikukimwagia mimi. Nikatazama juu, nikaona tundu kwenye bati na alama ya mvua ikiteremka ukutani. Basi maji yalikuwamo. Yameenda wapi?

Ngozi ilikuwa bado kwenye faneli, mbichi. Nikaitandaza juu ya kiganja cha kushoto, nikadondosha tone la maji kama nilivyozoea. Halikujiviringisha. Lilikaa kidogo, likaingia, na kiganja changu kikapata baridi.

Nikaweka la pili. Likapita.

Nje baba mdogo alikuwa ameshakaa kitini. Nilimwona kichwa tu na ukosi wa lile shati, na mkono mmoja ameushika ubavu wa ndege kama mtu aliyepanda baiskeli ya mwenzake. Fundi alikuwa mbele anataka kuzungusha pangaboi. Nataka niseme kweli hapa. Sikukimbia mara moja. Nilisimama mlangoni mwa banda nikafikiri kwamba huenda si kitu, glasi ilikuwa safi, na kwamba nikisema tutafukuzwa sote wawili, na kwamba baba mdogo atashushwa mbele ya watu siku hiyo hiyo aliyovaa shati la kanisani. Nilifikiri hayo yote nimeshika ngozi, huku miguu inacheza mahali pamoja. Pangaboi ikazungushwa mara moja, injini haikushika. Hapo ndipo nilipokimbia.

"Bwana Fundi, niliifua ngozi."

"Nafua nini?"

"Ngozi ya kuchujia. Kwa sabuni. Maji yanapita."

Alinitazama kupitia ile miwani ya uzi. Akanyanyua mkono juu kwa rubani, kiganja wazi, akaushikilia hapo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe."

"Baba yako najua?"

"Hajui. Alifikiri imependeza tu."

Alichukua glasi akaenda chini ya tangi tena. Alifungua koki, akakinga, akainua. Wekundu ulikuwa juu. Chini yake palikuwa na kitu cheupe kama jicho la samaki, kikicheza kila glasi ilipoinama. Mafuta yalikuwa yamepata muda wa kutulia, na maji yalikuwa yameteremka. Rubani alishuka akaitazama, akavua kofia yake akaivaa tena.

"Mimi pia nafanya haraka," fundi akasema, sijui kwa nani. "Kupima bado kutulia, hiyo kupima gani." Kisha akanigeukia. "Msichana, ngozi hii nakula petroli tu. Sabuni hapana. Sabuni naifundisha kunywa maji."

Baba mdogo alishuka polepole. Nilitegemea anichape. Alivua lile shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya pipa, akabaki na fulana. "Lete madebe," akasema.

Tulianza upya, ti, ti, ti, tangi zima. Ngozi nyingine haikuwapo mpaka ije na gari moshi, na fundi akawa anazunguka banda akitafuta cha kuchujia. Mwisho alisimama mbele ya rubani akamtazama kichwani. Kofia ile ilikuwa ya manyoya yaliyobanwa, nene, nzuri.

"Hapana," rubani akasema kwa Kiswahili.

"Ndiyo, Bwana," fundi akasema. "Iko safi kuliko kichwa yako."

Rubani alicheka mpaka akainama zaidi, akaivua. Mafuta yalipumzishwa mpaka alasiri, kisha baba mdogo akaishika kofia kwa mikono miwili juu ya faneli, nami nikamimina. Theluthi ya chini ya kila debe hatukuigusa, ikaenda kwenye vyuma. Shanga za maji zilitokea ndani ya kofia, nikazihesabu kwa furaha kama vifaranga. Kisha ndege ikaachwa itulie mpaka kesho.

Asubuhi fundi aliniambia nikinge mwenyewe. Nikafungua koki, nikainua glasi juani, nikaizungusha, nikangoja, nikaizungusha. Baba mdogo alikuwa kando, shati limevaliwa tena.

"Mama," akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu jana. "Safi?"

Nikaiinua glasi mara nyingine. "Safi."

"Basi mimi napanda."

Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka, ikalipita Jiwe, ikaelekea Busia. Fundi alikwenda barabarani kuongea na mwenye ng'ombe. Nikabaki na glasi mkononi. Sauti ya injini ilipungua kama debe linalojaa, ikamezwa. Nilikaa juu ya pipa, nikasimama. Nikafagia pale palipofagiwa. Kila baada ya muda niliinua glasi ile nikatazama chini yake, nikaona wekundu mpaka mwisho, nikaiweka, na kabla sijafika mlangoni nikairudia. Labda macho yangu. Labda kivuli. Niliitazama hata ikapata joto la mkono wangu.

Injini ilirudi kwanza kama nyuki, upande ule ule ilikokwenda. Ikashuka. Nilimwona baba mdogo akitoka na kukanyaga nyasi kana kwamba anazipima. Alikuwa ananielekezea mkono, anapaza sauti kwamba Busia wameanika mihogo mpaka barabarani, kwamba paa letu ameliona.

"Nakuja," nikaitikia.

Lakini kwanza niliingia bandani. Nilifungua lile debe la mafuta ya kuoshea vyuma, nikaitazama glasi mara ya mwisho, nikaimimina taratibu ukingoni mpaka tone la mwisho, nikaikung'uta. Kisha nikalifunika debe kwa kitambaa kikavu, nikalisogeza mbali na tundu la bati.