Mjomba alimwaga vidonge vya mama chooni kwa sababu ya bakuli la daktari

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Naandika nikiwa na hasira, niseme mapema. Nimepita kwenye uzi mmoja humu watu wanabishana kama daktari aliyesoma anaweza kutumia sauti na meditation kwenye tiba. Mmoja kaandika kwamba wote hao ni waganga waliovaa koti jeupe.

Jambo hilo limepita nyumbani kwetu. Nitalisema lilivyokuwa, bila chumvi.

Ilikuwa zama za ruksa. Mitumba imeanza kujaa sokoni, na madaktari wameruhusiwa kufungua kliniki zao. Sisi ni watu wa Chiungutwa, Masasi. Mama yangu, Esta, ambaye wengi walimwita Mama Anjelina, alikuwa amefiwa na baba. Tangu msiba usiku halali, kichwa kinamuuma, presha iko juu.

Hospitali alishaenda, vidonge alipewa. Shida, alikuwa anakunywa kichwa kikiuma tu, kikipoa anaacha. Wenye wazazi wa presha mnanielewa.

Nikampeleka Masasi mjini kwa Daktari Chilumba, mtu wa Newala aliyesomea udaktari India akarudi kufungua kliniki. Alimpima, kisha akamuuliza habari za baba. Mama akaongea mpaka akalia. Hakuna daktari aliyewahi kumuuliza hayo.

Chumba cha nyuma kulikuwa na mkeka na bakuli la shaba. Akamlaza, akamwambia avute pumzi taratibu na asikilize tu. Akaligonga kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Mlio mzito, unakwenda unafifia. Mimi niliyekaa pembeni nikasinzia mpaka nikakoroma, mama akanicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu tuzike.

Daktari akamwambia wazi: "Mama, vidonge ndivyo vinavyoshusha presha. Bakuli ni la kukutuliza upate usingizi. Usiache vidonge hata ukijisikia mzima."

Basi kila asubuhi mama anakaa mkekani pale nyumbani, anavuta pumzi zake, akimaliza anakunywa kidonge. Hasahau tena. Usingizi ukarudi, presha ikashuka, akaanza kwenda porini na wenzake kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni.

Halafu maneno yakaanza. Eti daktari anaita majini kwa bakuli. Waislamu wanasema, Wakristo tunasema, hapo tulipatana vizuri sana.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa dada zake na watoto wao. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa pia mzee wa kanisa. Akaja nyumbani.

"Esta, nasikia unalazwa chini unapigiwa vyuma."

"Shikamoo kaka. Ni daktari, ananitibu presha."

"Lete hizo dawa zake."

Nikamwambia, "Mjomba, hivi ni vidonge vilevile vya hospitali ya serikali. Kama hutaki bakuli, mkataze bakuli."

"Mkono unaovitoa ni uleule wa bakuli," akasema. "Na wewe, kuoa hakujakufanya mkubwa wa ukoo huu."

Akavibeba, akaenda kuvimwaga kwenye shimo la choo. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipotaka kwenda kuchukua vingine akanizuia. "Kaka ameshasema, mwanangu."

Msimu wa korosho haukuisha. Mama alianguka shambani, mdomo umepinda, upande wa kulia hausikii. Tukampandisha kwenye pick-up ya mnunuzi wa korosho mpaka hospitali. Daktari wa zamu akauliza, "Nani kamwachisha dawa?" Mjomba alikuwepo. Akatazama dirishani.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Tulivyorudi kijijini, yuleyule mjomba akatangaza kwamba bakuli ndilo lililompooza dada yake. Watu wakamwamini. Wagonjwa wakakatika, Daktari Chilumba akafunga kliniki, akahamia mbali. Kabla ya kuondoka alikuja kumwona mama, akakaa chini karibu naye muda mrefu. Hakumlaumu mtu. Mimi nilimlaumu kidogo na yeye: angetuita ndugu mapema akatueleza, labda tungepona.

Mama akarudi kwenye vidonge vya serikali. Akajifunza kutembea tena kwa fimbo. Mkono haukurudi, na maneno yalitoka kwa shida.

Siku moja tumekaa kikao cha ukoo, mjomba anawasimulia wageni habari ya bakuli. Mama akagonga fimbo chini. Watu wakamgeukia.

"Kaka," akasema, polepole, neno moja moja, "bakuli halikuniangusha. Umeniangusha wewe. Usinisemee tena."

Kwetu mwanamke hamwambii kaka yake hivyo mbele za watu. Mjomba alichukua kofia yake akaondoka. Hakuomba msamaha mpaka anaingia kaburini.

Wakuu, sisemi bakuli linatibu presha. Nyie mnaouza kengele na mabakuli ya namna hiyo mitandaoni na kuwaambia wagonjwa waache dawa, mmekaa benchi moja na mjomba wangu. Ninachosema ni kwamba kama kitu hukielewi, muulize daktari. Usiguse vidonge vya mtu.

Mama alipofariki miaka mingi baadaye, wengi bado walisema ni lile bakuli.

Uwanja ni wenu. Aliyeona ya aina hii aandike, na anayetaka kumtetea mjomba pia aje, nipo.