Dini ya Shukrani

Shemeji yangu, fundi saa wa soko la Zomba, anaamini kwamba Mungu ni wa kushukuriwa tu, si wa kuombwa. Ametafuta dini ya namna hiyo katika makanisa yote ya mji na misikiti miwili. Huketi karibu na mlango, vidole vyake vyembamba vikigongagonga kofia magotini. Mhubiri akisema "tunakuomba," yeye huinuka akatoka kwa kunyata, kama mgeni aliyekosea nyumba. "Wameshaanza kudai," hunong'ona.

Siku Mama Kamwendo alipokuja na washenga kumposea mwanawe binti yangu, mchungaji alichelewa, ikabidi shemeji aongoze sala. Nilimkanyaga mguu wake usio na soksi asiropoke. Wapi! "Asante kwa samaki hawa," alianza kwa furaha. "Asante kwa jirani aliyetuazima sahani, na viti pia. Asante kwa pazia, linaficha ufa vizuri." Nikajua posa imevunjika, na jina la marehemu mume wangu limekwenda nayo. Kisha Mama Kamwendo, macho kayafumba, akasema, "Na asante kwa gauni hili la dada yangu, Baba, ingawa linanibana. Na kwa mkwe mwenzangu huyu, aliyehangaika kama mimi." Mshenga mmoja akashukuru kwa meno yake ya bandia. Tukaendelea hivyo, tukicheka hadi machozi, samaki wakipoa.

Shemeji akanigeukia, uso unang'aa. "Shemeji, hapa Jumapili ibada ni saa ngapi?"

"Saa nne," nikamjibu. "Na uje umevaa soksi."