Jumapili za Mbelu Kwenye Kisanga

Kwa watu wa pwani, kisanga ni balaa. Kwa watu wa Kindu, kisanga ni kisiwa, na kile cha mchanga kinachojitokeza katikati ya mto Lualaba maji yakipungua ni mahali pa raha tupu. Jumapili mitumbwi huvusha watu tangu asubuhi. Wanavua viatu, mchanga unawachoma nyayo mpaka wanarukaruka kama wendawazimu, kisha wanajitosa majini hadi kiunoni na kuguna kwa utamu. Kuna muziki, kuna nanasi lililoiva linalochuruzika mpaka viwikoni, na kuna samaki wa Mbelu.

Samaki huyo usiambiwe, umle mwenyewe. Mboto mzima, amekaangwa kwa mawese mpaka mapezi yanavunjika kama biskuti, juu yake pilipili na ndimu. Wachimba dhahabu kutoka machimbo ya Kama, watu wanaojiona sana, hulamba vidole mbele yake bila haya. Wote husema hakuna anayependa likizo kama mama huyu Mluba. Wapumbavu. Mbelu hajapenda kitu chochote pale tangu mwaka 2002. Anakaanga samaki huku akimngoja mtu mmoja, kwa sababu aliamini kwamba hata muuaji siku moja atataka kupumzika. Alitaka kumuuliza kwa nini. Halafu alitaka kumuua.

Mwaka ule vita vilikuwa vimeufunga mji, treni haziji, chumvi haipatikani. Jacques, mume wake, fundi wa reli aliyezaliwa Kasai, akachoka.

"Mbelu, tutakufa na njaa na huzuni pamoja?" alisema. "Twende kisanga, siku moja tu."

Walivuka watu kama thelathini. Wakaogelea, wakachoma mihogo, wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mbelu alilala chali mchangani, jua limemkalia tumboni, nywele zikimdondoshea maji baridi shingoni, akasikia raha ambayo mpaka leo anaionea aibu.

Ndipo wapiganaji wakatokea kwa mitumbwi mitatu, wamejipaka dawa ya kuzuia risasi na kuvaa majani kichwani. Masharti yao kila mtu aliyajua: mwenye dawa haguswi, wala hapokei kitu mkononi, dawa isije ikamfia. Unaweka chini, yeye anaokota. Watu wakaweka chini saa, viatu, hata mihogo iliyokuwa bado motoni. Jacques naye akavua mkanda wake akauweka. Kisha, kwa vile hofu ilikuwa imemvuruga akili, akafanya alivyolelewa nyumbani kwao: akanyoosha mkono, akasalimia.

Mpiganaji wa mbele alipiga yowe, akashusha panga. Jacques akamng'ang'ania na kumng'ata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto mpaka kikakatika. Wakamkata wanne kwa pamoja. Mbelu alikuwa karibu mno, damu ikamrukia mdomoni, moto na chumvi. Wengine wote waliachwa wazima. Hilo ndilo lililomtafuna miaka yote: watu thelathini, kwa nini yeye?

Jumapili moja ya Julai mwaka huu, akaja mwanamume wa makamo, shati la maua, mke na binti yake wakirushiana maji ufukoni. Akaagiza mboto. Mbelu akamnyooshea sahani.

"Weka chini, mama," akasema kwa upole. "Nitaokota mwenyewe."

Mbelu akaiweka. Akautazama mkono wa kushoto ukishuka. Vidole vilikuwa vinne.

Hakufikiri. Alikamata sufuria ya mawese yanayochemka, akammwagia mapajani. Mtu yule alianguka akilia kama mbuzi, ngozi ikimbabuka, na kabla hajajua kimempata nini Mbelu alikuwa amemkalia kifuani, kisu cha kuparia magamba kooni mwake. Wateja walitawanyika wakikanyagana.

"Wakati wa vita, hapa hapa!" Mbelu alimfokea. "Fundi ya reli. Juu ya nini mulimuua yeye tu?"

Hakukana. Alimtambua, akaanza kujitetea.

"Mama, ule alikuwa mulozi! Alitaka kunigusa, tena akaita mioyo yetu. 'Moyo wenu, moyo wenu.' Tuliogopa. Njo tukamuwahi."

Mbelu alikuwa ameyasikia maneno yale siku ile, wala hayakumshangaza. Miaka yote ya Kindu Jacques alisema Kiswahili, kazini na nyumbani. Siku ile woga ulimrudishia lugha ya mama yake.

"Mupumbavu weye," akasema. "Ile iko Tshiluba. Kwetu watu njo wanasalimia vile. Alikuwa anakusalimia."

Mtu yule alikodoa macho. Miaka ishirini na zaidi alijihesabu kuwa ameponea chupuchupu kwa mchawi, na hadithi hiyo alikuwa amewasimulia wanawe. Akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Na muntu anajibu namna gani?"

Mbelu akatupa kisu. Akamchapa ngumi ya uso, akamchapa tena, meno yakampasua vidole, akazidi kumchapa huku akimpigia kelele jibu lenyewe, mara nyingi, mpaka watu wakaja kumtoa juu yake.