Matundu Manne kwenye Rimu ya Baba

Baba alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kiingereza, aliyoinunua kwa fedha ya pamba kabla sijazaliwa. Hata rimu zake zilikuwa nyeusi, zenye mstari wa dhahabu katikati, na kila Jumamosi aliupitishia mstari huo kitambaa chenye mafuta. Jumapili alimpakia mama kwenye keria wakaenda kanisani. Pale kijijini kwetu Mwamapalala hata wasioenda kanisani walisimama njiani kuwasalimia.

Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, goti la baba lilikuwa limeanza kukataa mlima wa kanisani. Mimi nilikuwa fundi baiskeli Bariadi mjini. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na pamoja na nguo zikaja baiskeli za Kijapani zenye gia tatu ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa nje huoni kitu ila waya mwembamba.

Nikamwendea. "Baba, nikuwekee gia."

"Gia? Nionekane kama vijana wa mnadani?"

"Hutaziona. Zinakaa ndani."

Aliitazama baiskeli yake. "Ichukue. Lakini ikirudi na sura nyingine, siipokei."

Waya niliupaka rangi nyeusi na kuulaza chini ya fremu. Kishikio cha gia nilikificha chini ya siti. Shida ilikuwa rimu. Ile ya baba ilikuwa na matundu arobaini ya spoku, na habu ya Kijapani thelathini na sita. Dawa yake ni kubadilisha rimu, kila fundi anajua. Lakini rimu zote nilizozipata zilimetameta kama sufuria mpya, na mimi nilikuwa nimeahidi sura. Basi nikaruka tundu moja kila baada ya spoku tisa. Gurudumu lilicheza kidogo. Nikalikaza mpaka likatulia, nikajiambia limekubali.

Baba alipolijaribu, alipanda mlima wote akiwa ameketi, akarudi anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona akicheka vile kwa muda mrefu.

Jumapili ya tatu walianguka. Walikuwa wanateremka kutoka kanisani, gurudumu la nyuma likakunjika, mama akarushwa kwenye mtaro, akavunjika mkono karibu na bega. Nilipofika nyumbani nilimkuta amefungwa mkono, uso umevimba. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa anaongea mbele ya watu.

"Kaka, sasa basi. Umezeeka. Utamuua mke wako."

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho chini. "Ni kweli," akasema. "Niliingiza gurudumu kwenye shimo. Sikuliona."

Mimi nilikuwa nimeshaiona baiskeli pale ukutani. Spoku zilikuwa zimekatika palepale penye tundu tupu. Nilifungua mdomo, nikaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo ikawa imepitishwa kwamba mzee haoni tena vizuri. Walimpokonya hata kazi ya kuswaga ng'ombe kwenda kunywa maji. Nilikuwa nikirudi Bariadi nashindwa kula. Nikishika gurudumu la mteja, nahesabu matundu mara mbili.

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Kisha nikaenda, nikamkuta baba anamenya viazi, kwa kuwa mama hakuweza bado.

"Baba, hapakuwa na shimo. Ni mimi. Niliacha matundu manne."

Hakuinua kichwa. "Niliyahesabu siku ileile, walipoileta baiskeli."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni fundi. Unakula kwa mikono hiyo. Mimi nilishakula kwa yangu." Alimenya kiazi kingine, kisha akaongeza, sauti ikiwa imebadilika, "Lakini nilikusubiri, mwanangu. Nilikusubiri sana."

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa baba mdogo, nikaeleza yote mbele ya wanawe. Nilichora hata gurudumu kwenye vumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega.

"Mtoto mwema humfichia baba yake aibu," akasema. "Mungu atakulipa. Ila baiskeli hapandi."

Nilibisha mpaka nikapaza sauti. Wanawe walinitazama kwa huruma, mmoja akanisindikiza mpaka njiani.

Nilitafuta rimu ya matundu thelathini na sita, nikaisuka upya, spoku zote zimetimia. Ilimetameta, na baba aliipokea baiskeli hivyohivyo. Hakuipanda. Mama, mkono wake ulipopona, hakuweza tena kuuinua kupita bega, na alikataa kabisa kuikaribia keria. Jumapili waliondoka nyumbani mapema kuliko zamani, wote wawili kwa miguu, baba akiisukuma baiskeli upande mmoja wa barabara, mama akitembea upande wa pili.