Mkanda Uliopakwa Sabuni

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Baridi ya Ilomba, hapa Mbeya, ilikuwa inauma mifupa, mimi nina miaka ishirini na saba, nimevaa koti la mume wangu, nimesimama mbele ya pikapu iliyofunguliwa boneti, nalia kwa hasira. Kaa nikueleze. Chai ipo, na huna haraka leo.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, na sisi hasira ziko puani, usishangae nikipandisha sauti. Marehemu baba yangu alikuwa dereva, akanifundisha kuendesha kabla sijajua kusonga ugali ukaiva. Nikaolewa huku Mbeya kwa Wanyakyusa, na mume wangu Gwakisa. Kwao, kwa wale walioshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, yeye akija huku wewe unapita kule. Na mkamwana mwenye adabu hata sauti yake haisikiki uani. Siku hizi naona mnapiga nao picha harusini mmekumbatiana, haya, dunia inakwenda. Baba mkwe wangu aliishika mila yake, nami nilitaka waseme nimelelewa. Mgeni, mwanangu, hujitahidi kumpita mwenyeji.

Yeye na mama mkwe walikaa nyumba ya nyuma, sisi ya mbele, katikati ukuta wa tofali. Alikuwa amestaafu ufundi wa malori. Miaka mitatu niliishi pale, sikumwona uso.

Gwakisa alikwenda Makongolosi, huko Chunya, kuchimba dhahabu. Mama yake alimkataza, hakusikia. Mimi nikabaki na pikapu, nabeba mchele kutoka Igawa kuleta sokoni Mbeya. Biashara ilikwenda vizuri mpaka gari lilipoanza kulia. Ukiliwasha tu asubuhi, kwiii! kwiii! Mtaa mzima unageuka. Nikabadilisha mkanda wa feni, siku ya tatu likarudia pale pale. Mwe, nilivyoona aibu! Mimi, nisiyethubutu kukohoa karibu na ule ukuta, sasa namwamsha baba mkwe kwa kelele kila siku ya Mungu.

Dereva mmoja pale Igawa akanipa dawa. Chukua kipande cha sabuni ya mche, akasema, sugua upande wa ndani wa mkanda. Nikasugua. Kimya! Nikajiona fundi. Kila baada ya siku mbili tatu nikawa nasugua, karibu mwezi mzima. Na maji ya rejeta nilikuwa naongeza kila nikienda Igawa, nasema moyoni ni joto la kule bondeni Usangu hilo. Mwenye kutaka kudanganywa hakosi wa kumdanganya, na mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Jioni moja akaja mtu kutoka Makongolosi. Shimo limeporomoka, Gwakisa kavunjika mguu chini ya goti, amelazwa zahanati ya kule. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema kila siku, yeye akalivunja kweli. Lakini halikuwa jambo la kucheka. Mguu umevimba, umeanza kubadilika rangi, na mganga wa zahanati kasema asipofika hospitali kubwa Mbeya kesho, utakatwa. Basi la abiria haliwezi kumlaza mtu wa namna hiyo. Pikapu ndiyo iliyokuwepo.

Asubuhi nikatandika godoro nyuma, nikaweka maji na chupa ya uji. Nikasugua sabuni yangu vizuri, nikawasha. Gari likanguruma taratibu, halipigi kwiii hata moja. Naingiza gia, mara mama mkwe huyo anakuja mbio, kanga imemdondoka begani.

"Zima! Zima, mwanangu. Mzee anasema usiondoke na gari hiyo."

"Kwa nini, mama?"

"Anasema ilikuwa inalia, sasa hailii."

Jamani! Mume wangu yuko kule mguu unaoza, mimi nazuiwa kwa sababu gari halilii? Hasira zikanipanda. Nikashuka, nikafungua boneti nikaipiga juu, nikasema kwa sauti ambayo hata jirani wa tatu aliisikia: "Basi mwambie aje aangalie mwenyewe! Au anataka mwanawe akatwe mguu?"

Maneno yakitoka hayarudi. Yalivuka ule ukuta yote. Baada ya miaka mitatu ya kunyenyekea, sauti yangu ya kwanza masikioni mwa baba mkwe ikawa ni tusi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe alisimama tu, kajishika kiuno, hajui aende wapi.

Ndipo nikamsikia. Alikuwa nyuma ya ukuta, anaongea polepole, na hakuongea na mimi.

"Mama Gwakisa, muulize huyo mwenye gari. Alifanya nini mpaka ikanyamaza?"

Nikamnong'oneza mama. Mama akageukia ukuta: "Anasema alipaka sabuni."

"Kwa nini?"

Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikasema kweli, kwamba nilipaka ili nisimsumbue mzee kwa kelele. Mama mkwe akaziba mdomo, nikaona mabega yanamtikisika kwa kicheko. Yule wa nyuma ya ukuta hakucheka.

"Mwambie hivi. Gari yake ilipokuwa inalia, mimi nililala, maana nilijua anaendesha kitu kinachosema. Iliponyamaza, na sijasikia spana hata moja ikianguka hapo uani, ndipo usingizi uliponiruka. Nimekaa wiki tatu nikijiuliza nimwambieje mtu nisiyeongea naye. Heshima ya kunificha ugonjwa siitaki. Na huko anakokwenda, mwambie, ni mwanangu anayemfuata."

Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi. Hakuna aliyenikaripia hivyo, bila kupandisha sauti, na bado nikasikia joto mpaka kwenye visigino. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi maradhi niliyaficha kwa kipande cha sabuni.

Basi tukaanza kazi, yeye nyuma ya ukuta, mimi kwenye injini, mama mkwe katikati akisema "anasema, anasema" hata pale ambapo wote tumesikia. Kwanza nikafuta sabuni yote kwa kitambaa na maji ya moto, kwenye mkanda na kwenye puli, vile vigurudumu unavyozunguka juu yake. Nikawasha. Kwiii! Kelele zikarudi, mbaya kuliko mwanzo.

"Vizuri," mzee akasema. "Sasa avue mkanda, awashe kidogo tu, asizidishe."

Nikalegeza boliti ya jenereta, nikautoa mkanda, nikawasha. Kimya kabisa.

"Basi injini yenyewe haina neno. Anayelia ni mmoja wa wale wanaozungushwa na mkanda. Azime. Ashike puli moja moja, azungushe kwa mkono, na asiwe na haraka."

Puli ya jenereta ikazunguka laini. Nikashika ile ya feni, inayokaa mbele ya pampu ya maji. Nilipoizungusha nikasikia mkwaruzo, kama kuna mchanga ndani. "Atikise feni mbele na nyuma," mzee akasema. Nikatikisa. Ikacheza, mwanangu, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nikainama kuchungulia chini yake, nikaona mstari wa kutu na maji yanadondoka tone, tone. Yale maji ya rejeta niliyokuwa naongeza kila safari yalikuwa yanatokea pale.

"Inacheza!" nikapiga kelele, hata nikasahau nipo kwa nani.

Mzee akasema: "Mama Gwakisa, mwambie ni pampu ya maji. Beringi imekwisha. Puli imelala upande, ndiyo maana mkanda ulikuwa unalia, uwe wa zamani au mpya. Angefika katikati ya mlima wa Chunya ingekatika, na feni ingeingia kwenye rejeta."

Nikakaa chini palepale kwenye matope. Niliuona ule mlima, ukungu, gari limekufa, hakuna anayepita, na Gwakisa upande wa pili ananingoja. Halafu nikacheka. Nilicheka na kulia, mama mkwe akadhani nimepata wazimu. Raha iliyoje, mwanangu, kuijua shida yako kwa jina!

Mzee alikuwa na pampu kwenye stoo yake, ameitoa kwenye pikapu mbovu ya aina ileile. Aliileta mpaka kwenye kona ya ukuta, akaiweka juu ya gunia, akakohoa, akaondoka. Nami nikaenda kuichukua. Mara kikohozi kingine, kumbe ni spana. Mara kingine, gasketi, ameikata mwenyewe kwa karatasi ngumu ya boksi. Hivyo hivyo, kikohozi kwa kikohozi, mpaka pampu ikakaa mahali pake. Akanieleza namna ya kukaza mkanda, kwamba nikiubonyeza katikati kwa kidole gumba ubonyee kidogo tu. Nikajaza maji, nikawasha. Tukasikiliza wote watatu, muda mrefu.

"Aende," akasema.

Niliondoka saa tatu. Mlima wa Chunya niliupanda macho yangu yako zaidi kwenye sindano ya joto kuliko barabarani, na haikusogea. Saa saba nilikuwa Makongolosi. Kabla giza halijaingia Gwakisa alikuwa mikononi mwa madaktari Mbeya, na daktari akasema ingekuwa kesho tungeongea mengine. Mguu ule haukukatwa. Mpaka leo anaupandia kilima kwenda kwenye viazi vyake, na kunung'unika njia nzima, na mimi manung'uniko yale nayasikia kama kwaya ya kanisani.

Nilirudi nyumbani kesho yake. Nikamkuta mama mkwe anafagia uani. Nikasimama karibu na ukuta, nikasema kwa Kinyakyusa changu kibovu, kwa sauti ya kutosha: "Mama, mwambie baba, ndaga fijo," yaani asante sana. "Na anisamehe kwa mdomo wangu."

Ufagio ukasimama. Nyuma ya ukuta kiti kikalia, mtu akasimama.

"Mwambie hakuna deni," akasema. "Na mwambie siyo gari tu. Hata yeye, siku akiumia, alie. Sisi tupo."

Sasa sikia, mwanangu, maana nimeshachoka na chai imepoa. Siku hizi kinacholia mnakifunika kwa redio, na moyo unaolia mnaufunika kwa simu. Kitu kikilia, kizime, ukae nacho, ukishike kimoja kimoja kwa mkono wako mpaka umpate anayelia. Usikimbilie kubadilisha mkanda, mara nyingi mkanda unasingiziwa. Ukishindwa, muulize anayejua, hata kama mila, au kiburi, au aibu imekaa kati yenu. Na mtu wa nyumbani kwako aliyekuwa akilalamika, akinyamaza ghafla, usishukuru. Nenda kamuulize.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe masikio mepesi na ulimi mzito, tofauti na mimi. Safari zako zifike, na kila ukirudi, umkute mtu aliyekuwa akikungoja. Amina.