Kompyuta Iliyodhani Sote ni Mtu Mmoja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya dalali wa hisa mjini Arusha, Meneja wa Tawi alinipeleka mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Akakifunua taratibu.

"Mama, hii ndiyo itakayofanya kazi. Wewe utakuwa unaiangalia tu."

Niliiangalia kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikirekebisha ilichoharibu.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, kwetu upande wa Meru. Wanunuzi binafsi walipoanza kufika na magari yao mpaka shambani, ushirika ulinyong'onyea na sisi makarani tukapunguzwa. Ilikuwa ile miaka ya mashirika ya umma kuuzwa. Soko la hisa lilikuwa limefunguliwa Dar es Salaam, na redio ikituhimiza wananchi tununue hisa za viwanda ambavyo tulikuwa tumeambiwa siku zote kwamba ni vyetu.

Ninyi vijana mnaonunua hisa kwa simu mtanivumilia nieleze. Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida inaweza kukupa sehemu yake, nayo huitwa gawio. Ofisi yetu ilipokea oda za watu wa Arusha, ikazituma Dar, kisha ikamtunzia kila mteja kumbukumbu: alinunua lini, ngapi, kwa bei gani. Kwa maelezo ni kazi nyepesi.

Uzito ulikuwa kwenye programu. Meneja alikuwa ameinunua Nairobi kwa bei nafuu, na ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayetunza fedha za nyumba yake: mshahara, kodi ya pango, karo, na hisa zake chache. Sisi tuliingiza humo wateja wote, kuanzia Nduruma hadi Ngaramtoni, kila mmoja kama mfuko mmoja wa koti. Programu ikaamini kwamba sote ni tajiri mmoja. Kila mwisho wa mwezi ilimkumbusha tajiri huyo kulipa bili yake ya umeme.

Nilimwambia Meneja, "Hii ni ya mtu mmoja."

"Sasa mama, na sisi si ofisi moja?"

Nilirudi kwenye kiti changu.

Kisha kampuni moja ikatangaza mgawanyo wa hisa. Maana yake ni kwamba kila hisa moja inakatwa kuwa tano, na bei ya kila kipande inakuwa moja ya tano ya ile ya zamani. Mali yako haiongezeki wala haipungui. Ukikata mkate vipande vitano, mkate ni uleule. Lakini kwenye kumbukumbu lazima ubadilishe vitu viwili kwa pamoja, idadi na bei. Nilikuwa Moshi kwenye msiba wa shangazi yangu. Meneja akaingiza bei mpya, idadi akaiacha ilivyo, akachapa taarifa za wateja wote na kuzituma. Kwa mujibu wa karatasi zile, kila mwenye hisa za kampuni ile alikuwa amepoteza sehemu nne kati ya tano za mali yake.

Niliporudi, mtu wa kwanza niliyemkuta kwenye benchi alikuwa Mzee Lengai kutoka Ngaramtoni, mfugaji, amejifunga shuka lake vizuri, fimbo magotini. Kando yake alikaa mwanawe mkubwa, Lazaro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimaasai. "Wewe ndiye wa ile mashine?"

"Ndiyo mimi."

"Mashine yako imekula ng'ombe wangu. Simba angeacha hata pembe."

Nilijua habari zake. Mzee huyu aliuza madume matatu, moja baada ya jingine, akanunua hisa, wanawe wakamwona amerukwa na akili. Sasa binti yake wa mwisho, Nai, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Kaka zake walikuwa wamekataa katakata kuuza ng'ombe wa boma kwa ajili ya masomo ya msichana. Hisa zilikuwa mali pekee ambayo mzee angeweza kuigusa bila kuwaomba, na chuo kilitaka ada kabla ya wiki ile kwisha.

Lazaro alinyoosha karatasi yetu mezani. "Mama, tumekuja kuuza. Kilichobaki hiki hapa hakimsomeshi mtu. Tukiongeza kidogo tutapata hata mtamba mmoja, Nai akae nyumbani."

"Kaka, subiri. Karatasi hii ina kosa."

"Si ninyi mlioiandika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Hatari ilikuwa kubwa kuliko alivyojua. Wangejaza oda kwa idadi ya kwenye karatasi, sehemu moja tu ya tano ndiyo ingeuzwa. Nyingine zingebaki Dar bila mtu wa kuziulizia, na Nai angekosa chuo kwa uvivu wa ofisi yetu.

Meneja alitokeza kichwa mlangoni. "Mama, mteja akisema auze, tunauza. Kamisheni haina kosa."

Nikamwomba anipe hadi mchana. Nilimpigia simu msajili wa hisa, yaani ofisi inayotunza daftari halisi la wenye hisa, na laini ilikatika mara tatu kabla ya kunithibitishia kwamba hisa za mzee zote zipo, zimeshagawanywa. Nilirudi mezani na furaha yangu. Furaha haikudumu, kwa sababu Mhasibu Mkuu wetu alikuwa amenisikia kwenye simu na kuamua kunisaidia.

Programu ile ilikuwa na kitufe cha kusawazisha. Ukiiambia idadi sahihi, yenyewe inaweka ingizo la kujazia ili hesabu ifike hapo. Haiulizi hisa hizo zimetoka wapi. Haiweki bei ya kununulia, kwa hiyo kwenye karatasi zinaonekana kama za bure. Inajaza shimo kwa takataka na kulainisha juu. Mhasibu alikibonyeza, akachapa karatasi mpya, akampa Lazaro kwa tabasamu.

Lazaro alisoma, akasoma tena. "Baba, juzi walisema umefilisika. Leo wanasema nyingi umepewa bure. Hawa watu wanakuchezea. Simama twende."

"Idadi si imekuwa sahihi?" Mhasibu alinung'unika. "Mnataka nini tena?"

Nilitaka kumrushia mashine ya kutoboa karatasi. Badala yake nilivuta kiti, nikamwomba mzee akae upande wangu, aone kioo.

"Mzee, tuanze upya. Ulinunua mara ya kwanza hisa ngapi?"

Akamgeukia mwanawe. Lazaro akanong'ona, "Mama, yeye hahesabu mali yake kwa mdomo. Wazee wetu hawataji namba ya mifugo."

Ningepaswa kulikumbuka hilo mapema. Mfugaji wa kwao humjua kila mnyama kwa rangi na pembe, na asiyerudi bomani anaonekana bila kuhesabu. Nikabadilisha swali. "Basi nieleze ulivyonunua."

"Kwanza zile za dume jeusi. Nilimuuza wakati wa njaa, bei mbaya. Halafu za dume la mabaka, mvua zilikuwa zimenyesha, nikapata vizuri. Mwisho za yule wa pembe moja."

Manunuzi matatu, nyakati tatu, bei tatu. Hivyo hasa ndivyo kumbukumbu ya hisa inavyotakiwa kukaa, fungu kwa fungu, na kitufe kilikuwa kimeyamwaga yote kwenye ndoo moja. Nikafuta ingizo la kujazia. Nikarudisha kila fungu kutoka nakala za oda, nikaliita kwa jina la dume lake, kisha nikaingiza mgawanyo kwa kila moja.

"Haya, jeusi huyu hapa," nikamwonyesha.

"Amekatwa vipande?"

"Vitano, mzee. Lakini nyama ni ileile."

"Ng'ombe aliyekatwa vipande, yeyo, amekufa."

Lazaro akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasogea. Nikamtaka ajumlishe mwenyewe, akajumlisha, kisha akalinganisha na tulichoambiwa na msajili. Namba zililingana. Akazidisha kwa bei mpya, akalitazama lile jibu.

"Hii inatosha chuo," alisema.

"Inatosha na inabaki," nilimwambia. "Sasa mzee, ushauri wangu ni uuze fungu moja tu. Mengine yaache, gawio linakuja."

"Uza zote."

"Zote? Mzee, baada ya kazi yote hii?"

"Mwanangu anasoma, na mimi narudisha ng'ombe bomani. Nilikuja kuuza, yeyo. Ila sasa najua nauza nini."

Nilijaza oda huku nimekasirika, nikaikagua mara mbili.

Baadaye nilifanya kazi chini ya Mkurugenzi mmoja aliyeleta programu ya ofisi kweli, kisha chini ya Meneja wa Kanda aliyekuja na nyingine, na kila moja ilikuwa na kitufe chake cha kusawazisha. Siku ya kuniaga, Meneja wa Kanda alisema kwenye hotuba kwamba kompyuta haikosei. Nilipiga makofi. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Vijana wangu, msiogope mashine hizi. Jifunzeni tu kuuliza kila namba imetoka wapi, na msione haya kuuliza mara ya pili. Mimi siku hizi nina presha, pengine niliichukua ofisini. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki, muuguzi akanifunga mkononi kipimo cha presha cha umeme. Nilimjua kwa jina la baba yake kwenye beji: Nai wa Mzee Lengai, mtu mzima sasa, miwani puani. Namba ikatokea kwenye kioo. Aliitazama, akanitazama mimi usoni, akakunja uso.

Hakuiandika. Alifungua droo, akatoa kile kipimo cha zamani cha kupampu kwa mkono, akanifunga tena.