Nafasi Kati ya Hadley na Haines

Saa moja kasorobo asubuhi Jokha Idarous anavua koti, ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha anaikausha mpaka katikati ya vidole. Kitambaa anachokwenda kukigusa ni cheupe pe, kina urefu wa mita tisa, na kimelala juu ya meza tatu zilizounganishwa.

"Mwanangu, kikombe chako kiweke kule dirishani," anamwambia mwandishi wa makala haya kabla hata ya salamu kwisha. "Chai ikimwagika hapa, mie na wewe tutahama mji."

Anakaa kwenye cherehani, anapitisha uzi wa buluu kwenye tundu la sindano bila miwani, na kuanza kudarizi jina la mtu asiyemjua. Jina la thelathini na nane. Mguu unakanyaga, mikono miwili inazungusha kitambaa polepole, na herufi zinatoka moja baada ya moja.

Tuko Digbeth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ghorofa ya kwanza ya kiwanda cha zamani. Chini yetu vijana wanapiga picha za matangazo. Huku juu ni karakana ya Dharmesh, mzee anayechapa fulana na kudarizi nembo za shule na timu za mpira. Ana mashine za kompyuta zinazodarizi zenyewe, lakini kitambaa hiki kimezishinda kwa urefu. Kikaangukia mikononi mwa Jokha.

Jokha ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Kikwajuni, Unguja, akalelewa na shangazi aliyekuwa akishona kofia za viua. Kwa wasiojua, kofia ya viua ni kazi ya matundu: unatoboa, unazungushia uzi, unatoboa tena, miezi inakwenda. Ukikosea tundu moja unafumua, na shangazi yake alikuwa na macho ya kipanga.

"Nilijifunza kufumua kabla ya kushona," anasema na kucheka. "Nilipigwa ukuti mie, wee!"

Alifika Birmingham mwaka 2001 kumfuata mumewe. Alisafisha wodi za hospitali miaka kadhaa, mpaka Dharmesh alipomwona akitengeneza pindo la baibui lake kwenye kituo cha basi na kumuuliza kama anataka kazi. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Analipwa pauni kumi na tatu kwa saa, saa thelathini na tano kwa wiki. Haitoshi, anakiri, lakini haijawahi kuchelewa.

Kitambaa chenyewe kilianza kwa furaha. Mwezi Mei, Ravenhurst, klabu iliyokaa miaka arobaini na mitatu bila kuonja mashindano ya Ulaya, ilitwaa kombe la nchi na kufuzu kucheza kombe la pili kwa ukubwa barani. Watu wazima walilia barabarani. Wiki iliyofuata, Jaswinder, mama aliyestaafu kazi ya posta na ambaye ni katibu wa chama cha mashabiki wa siku nyingi, alipanda ngazi za karakana akiwa na orodha mkononi.

Orodha ilikuwa na majina 186, yote ya marehemu. Ni mashabiki waliosubiri Ulaya maisha yao yote na Ulaya ikafika wao hawapo. Chama kilitaka majina yao yadariziwe kwa mpangilio wa alfabeti, na juu kabisa, kwa herufi kubwa kumi na mbili, jina la shindano. Usiku wa mechi ya kwanza nyumbani kitambaa kingefunuliwa jukwaani, ili marehemu nao waingie.

Kulikuwa na sharti moja la kuingia kwenye orodha. Marehemu awe alikuwa na kadi ya msimu, ile ya kuingilia mechi zote za nyumbani, kwa miaka kumi mfululizo.

Jokha alisoma sharti hilo mara mbili, kisha akaikunja karatasi.

Mumewe, Haidari, alikuwa dereva wa teksi. Aliipenda Ravenhurst tangu msimu wake wa kwanza mjini hapa, na aliipenda kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini Jumamosi ya mechi ndiyo siku ya dereva kupata riziki, na kadi ya msimu ilikuwa zaidi ya pauni mia sita. Kwa hiyo alikuwa akiegesha karibu na geti, akafungua redio na kusubiri abiria watoke.

"Alikuwa akisikia goli mara mbili," anasema Jokha. "Kwanza kelele za uwanjani, halafu redio nayo inachelewa kidogo, inamwambia nani kafunga. Akirudi nyumbani ananisimulia utadhani yeye ndiye kapiga kona. Mpira wenyewe hakuuona hata siku moja."

Haidari alifariki miaka minne iliyopita kwa maradhi ya figo. Ndani ya uwanja hakuwahi kukanyaga.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka herufi H. Jioni moja ya Juni, Jokha alimaliza jina la Bwana Hadley. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa Bwana Haines. Dharmesh alikuwa amekwenda kuchukua nyuzi. Jokha alikaa, mguu juu ya kikanyagio, akipiga hesabu ya herufi ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeipiga: kama haki ingetendeka, Haidari angekaa hapo hapo katikati.

"Mkono ukaenda wenyewe. Wallahi sikuuamuru. Nikamdarizi, herufi zote saba, na sijapata kudarizi vizuri namna ile."

Akazima taa, akaenda kupanda basi. Usiku hakulala. Asubuhi alifika kabla ya Dharmesh, akachukua kisu kidogo cha kufumulia, akamtoa mumewe herufi moja baada ya nyingine. Hakutaka aingie kwa mlango wa nyuma, anasema, mtu aliyekuwa akirudisha chenji mpaka senti ya mwisho.

"Alilala humo usiku mmoja tu." Hapa Jokha anasimamisha cherehani, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, na anamwomba mwandishi radhi isiyohitajika.

Pale alipofumua kitambaa kilikuwa kimechoka kwa sindano, kwa hiyo jina la Haines alilianzia mbele kidogo. Likabaki pengo. Alidhani hakuna atakayeliona.

Kisha ikaja Julai na habari mbaya. Wakubwa wa soka la Ulaya waliamua kwamba Ravenhurst haiwezi kucheza kombe la pili. Mwenye klabu ana hisa nyingi katika klabu nyingine ya ng'ambo, nayo imefuzu kombe hilo hilo. Kanuni hairuhusu mwenye mali mmoja kuwa na timu mbili katika shindano moja, na kwa kuwa ile nyingine ilimaliza juu zaidi kwenye ligi ya kwao, Ravenhurst ikashushwa kombe la tatu. Mwenye klabu angeweza kuhamisha hisa zake mapema, lakini mwisho wa kufanya hivyo ulikuwa mwezi Machi. Machi hiyo Ravenhurst ilikuwa nafasi ya kumi na tatu, na kombe la nchi lilikuwa bado mbali.

Jokha si mtu wa mpira, lakini jambo hili analo mdomoni kama wakili.

"Kanuni yenyewe ina akili. Mtu mmoja ana timu mbili, zikikutana, nani atayaamini matokeo? Hapo siwalaumu. Lakini tarehe! Timu ya kumi na tatu unaiambia ijaze karatasi za Ulaya? Ni kama kumwambia mtu akodi ukumbi wa harusi na mchumba hajampata."

Jaswinder alikuja karakana siku ya pili, macho mekundu. Walishinda uwanjani wakashindwa mezani, alilalamika, na sasa zile herufi kumi na mbili za juu zilipaswa kufumuliwa. Alipita kando ya meza akigusa majina kwa kidole, kama mtu anayewaaga. Kidole kikasimama kati ya Hadley na Haines. Akainama, akapapasa vitundu.

"Nani alikuwa hapa?" akauliza.

"Nilihisi nimeshikwa naiba," anasema Jokha. "Nikamwambia yote. Teksi, redio, usiku mmoja. Dada wa watu akakaa chini kwenye kigoda."

Baada ya siku mbili Jaswinder alipiga simu. Kamati ilikuwa imekubali kumrudisha Haidari pale pale, kimyakimya, kama shukrani kwa kazi nzuri ya mkewe.

Jokha akakataa.

Ndiyo, alikataa. Binti yake Safiya, mwenye miaka ishirini na miwili, anayesoma ufamasia na anayekielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, alimkasirikia mpaka akagoma kula. Ni jina moja tu, Mama, alimwambia, jina la Baba, wanakupa mkononi na unalirudisha?

"Nililia pia, usidhani mie ni jiwe," Jokha anasema. "Nilijua huenda nimempoteza mume wangu mara ya pili. Lakini nilimwambia yule dada: nyinyi mmefungiwa mlango kwa karatasi, mnapiga kelele dunia nzima isikie. Na nyinyi mna karatasi yenu, mmewafungia wenzenu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Akiingia baba Safiya kwa sababu mkewe anajua kushona, huo ni upendeleo. Waingie wote wa namna yake. Kama haiwezekani, abaki nje, amezoea."

Kamati ikakutana tena. Mweka hazina, Gurdip, mzee wa miaka sabini na minane asiyekosa mechi, alipinga waziwazi. Mlango ukishafunguliwa, aliuliza, utafungiwa wapi? Kesho kila aliyepita na basi mbele ya uwanja atadai jina.

"Hakusema uongo," Jokha anakubali.

Kura zikapigwa: sita kwa tano. Sharti la kadi likaondolewa. Tangazo likatoka kwamba yeyote mwenye marehemu aliyeipenda Ravenhurst kwa miaka kumi alete jina na sentensi moja ya kumweleza. Zikaja karatasi tisini na nne. Muuza chai wa nje ya geti. Nesi ambaye kila Jumamosi alikuwa zamu. Mtu aliyekuwa kitandani miaka kumi na sita. Wiki ya kwanza Gurdip mwenyewe alipanda ngazi, akaweka karatasi mezani bila kumtazama Jokha usoni, akageuka kuondoka. Lilikuwa jina la mkewe, aliyemfungia chakula cha mechi kwa miaka thelathini na kubaki nyumbani. Ni la ishirini na tatu, na limeshadariziwa.

Lakini wangekaa wapi? Kitambaa kilikuwa kimejaa. Dharmesh ndiye aliyenyoosha kidole juu kabisa, kwenye ukanda mtupu ambako jina la shindano lilifumuliwa. Chama kikakubali. Jina la kombe la tatu halikuandikwa, wala la kombe lolote.

Majina mapya yanafuata mpangilio wa karatasi zilivyofika. Jaswinder alipendekeza Haidari aanze. Jokha akamtazama tu, na Jaswinder akacheka, akainua mikono. Karatasi ya Haidari ilichelewa kwa kuwa mama na binti walibishana siku nne kuhusu ile sentensi moja. Mama alitaka wema wake, swala zake, ukarimu wake kwa abiria walevi. Mwishowe Safiya akamnyang'anya kalamu, akaandika kwa Kiingereza kwamba alikuwa akisubiri nje. Ikawa karatasi ya arobaini na moja.

Saa nne asubuhi Jokha anamaliza jina la thelathini na nane na kukata uzi kwa meno, tabia ambayo shangazi yake angemchapia. Mawili yaliyobaki kabla ya zamu ya mumewe atayamaliza leo. Mechi ya kwanza nyumbani ni baada ya siku kumi na tisa. Yeye na Safiya wamepewa tiketi, na ana wasiwasi wa mambo mawili: mvua, na kwamba hajui wakati gani watu husimama.

Kesho ni Jumamosi na karakana imefungwa, lakini Dharmesh amemwachia ufunguo. Jina la arobaini na moja Jokha hatalidarizi yeye. Safiya ameomba. Ameanza kujifunza Jumapili iliyopita, na vipande alivyojaribia vimejaa chini ya meza: herufi nyingine imelala, nyingine imevimba, A moja inafanana na ngazi iliyovunjika.

Mwandishi anauliza, kwa upole, kama haogopi. Kazi yote ya miezi mitatu imenyooka kama rula, na herufi saba zitakazotazamwa kuliko zote zitashonwa na mtu ambaye juzi alijishona kidole.

Jokha anakiokota kimoja cha vile vipande, anakilaza gotini na kukinyoosha kwa kiganja.

"Nitakaa pembeni yake, mikono nimeifunga. Ikienda upande, ikae upande," anasema. "Kisu nimekiacha nyumbani. Mie yule bwana simfumui tena."